Kimo cha Bendera

…na atakayebisha na abishe, apande yeye basi tumwone, maana kubisha ukiwa chini ni kazi rahisi, hata kuku anaweza, lakini Mnara alifika juu, juu kabisa, pale ambapo kunguru husema hapa pananitosha akageuza, akauona mtaa mzima umelala chini yake kama mkeka uliosahaulika nje, mabati, matangi ya maji, vichwa vya watu kama punje, na upepo ukimpiga makofi masikioni, ndivyo alivyosimulia kwa kinyozi wiki nzima, na wiki iliyofuata akatia chumvi kidogo, na leo katika ukumbi huu wa halmashauri alikuwa tayari kutia nyingine kama kipaza sauti kisingekufa mbele yake, pu, kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo na kiganja, na sasa amesimama peke yake katikati ya ukumbi, mbele madiwani kwenye meza yao ndefu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji, nyuma majirani zake wote kwenye mabenchi, na fundi mitambo amepiga magoti miguuni pake anazichokonoa waya kama mtu anayetoa mwiba, "subiri kidogo, kijana," amesema mwenyekiti, "hili lazima liingie kwenye kinasa sauti," subiri, anasubiri nini, wakati swali lenyewe ni la neno moja, mwenyekiti ameliuliza taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza, wewe ndiye uliyeisimamisha ile nguzo, ndiyo au siyo, na bendera ilifika kimo cha jengo linalotaka kujengwa, ndiyo au siyo, neno moja, mtu aseme akae, ila Mnara katika maisha yake hajawahi kusema neno moja mahali panapotosha ishirini.

Kosa la kinyozi hili, si la mtu mwingine, kinyozi mwenye mkasi mmoja mkononi na mwingine mdomoni, maana kikao kilikuwa kinakwenda zake vizuri, wakazi wamekwisha kusema yao kuhusu hayo maghorofa, mitaro haitoshi maji machafu ya leo sembuse ya familia mia za kesho, barabara nyembamba, kiwanja kikijengwa watoto watachezea wapi, kwenye vichwa vyetu? na mchora ramani wa mradi, mama mmoja mpole mwenye miwani na kijiti cha kuonyeshea, amejibu hoja moja baada ya nyingine bila kupandisha sauti, mitaro tutaipanua, barabara tutaiwekea taa, na kuhusu jua, ndugu zangu, kuhusu kivuli, hilo mlilishuhudia wenyewe, tuliwawekea nguzo pale pale jengo litakapokaa, bendera nyekundu kileleni kwenye kimo cha paa la ghorofa ya sita, ili hata asiyejua kusoma ramani ainue kichwa tu aone, tukakifuata kivuli chake alasiri ile sisi na nyinyi na waheshimiwa madiwani mpaka kilipoishia, hakikuvuka mtaro, hakikugusa ua wa mtu, na madiwani wakaitikia kwa vichwa, mmoja ameshaanza kufunika kalamu yake, ndipo kinyozi akasimama bila kuitwa, "mheshimiwa, sisi tutajuaje kama ile bendera ilikuwa inasema kweli?" ukumbi ukacheka, bendera kusema! lakini yeye hakucheka, akamgeukia Mnara na lile tabasamu lake la kukuuliza huu upara ulianza lini, "maana aliyeipandisha tunaye hapa, tena mwenyewe katuambia alifika mpaka akaamkiana na kunguru, aje basi athibitishe," na benchi zima likaanza kumsukuma, nenda Mnara, kaseme Mnara, na yeye akainuka kifua mbele, akanyoosha kola, akatembea ule mwendo wake wa kushusha bega moja, watu wakampigia makofi, na mama yake, kwenye benchi la mbele kabisa, kajifunga kile kitambaa chake cha siku kubwa, akawageukia waliokaa nyuma akasema kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "ni wangu huyo," kama kuna aliyekuwa hajui.

"Moja, mbili," fundi anakiambia kipaza, "moja, mbili," hakuna kitu, anakigonga kichwani kwa kidole kama anayegonga nazi kusikia kama imekomaa, na Mnara anatabasamu, tabasamu halina gharama, anawakonyeza vijana wa benchi la nyuma, wanamwonyesha dole gumba, haya, neno lenyewe ni ndiyo, aseme tu ndiyo, na baada ya ndiyo aongeze kidogo habari za upepo, watu wanapenda habari za upepo… Mnara, jina hilo hakupewa na mama yake, alijipa mwenyewe siku ileile aliyoacha shule, maana mtu hawezi kuondoka shuleni mikono mitupu, wenzake waliondoka na vyeti yeye akaondoka na jina, na jina lilimpatia kazi, bosi wa antena alipomuuliza unaitwa nani akasikia Mnara akacheka akasema basi wewe utanipandia mapaa, na akapanda, nani abishe, alipanda mapaa ya mtaa mzima, hilo la mapaa lina mashahidi, ingawa kama kuna mtu mbaya wa kutaka kupekua, kinyozi kwa mfano, atasema nyumba za mtaa ule zote ni za chini, na ile moja yenye ghorofa ina ngazi nje, ngazi ya saruji, tena yenye ukuta wa kushikilia, hata bibi harusi angepanda na viatu vyake… lakini juu ni juu, na siku bosi alipompa ile kazi ya nguzo hakumuuliza umewahi, alimuuliza utaweza, na swali kama hilo kwa Mnara lina jibu moja tu tangu azaliwe.

Mabomba sita ya chuma, bisibisi, spana, kamba, waya za kuvutia pande nne na hiyo bendera, kitambaa chekundu tu, wala hakikushonwa vizuri, "bomba moja ghorofa moja," bosi alimwambia akiwa ameshatia mguu kwenye pikipiki yake anawahi kazi nyingine, "hata wewe huwezi kukosea," na hakukosea, alisimamisha la kwanza, akalifunga waya, akapanda nalo, akavuta la pili kwa kamba, akalichomeka juu ya la kwanza, akakaza, akafunga waya, watoto wa kiwanjani wameacha mpira wao wanamwangalia, na la tatu, na hapo ndipo upepo ulipojitokeza, lakini akavuta na la nne, akakaza, akapanda, na kisha… kisha bendera ikawa juu, basi, msimuliaji halazimiki kutaja kila bomba, kwani anayesimulia safari hutaja kila jiwe? alifika juu, akamwona mama yake uani, ng'ambo ya mtaro, anaanika mashuka, mdogo kama kidole, akamwita, "Mama!" na mama akaitika, "Abee, baba!" hiyo ndiyo sehemu watu wanayoipenda kuliko zote pale kwa kinyozi, mtu yuko juu mawinguni anamwamkia mama yake kama yuko mlangoni, walicheka mpaka aliyekuwa ananyolewa akakatwa sikio, wakamwambia rudia, akarudia, na kila aliporudia bomba likarefuka.

"We mrefu, kaka," fundi anasema akimwangalia kutoka chini, "au nikinyanyue hiki kidogo kwanza, labda waya inabanwa hapa shingoni," na anashika ile nguzo ya kipaza, anailegeza kibano, na Mnara anataka kumwambia acha tu, lakini anaangalia chini, ndiyo kosa lake, angeangalia madiwani, angeangalia dari, anaangalia chini na jua la alasiri limeingia kwa madirisha ya mbele, upande wa kushoto, limelala sakafuni, na kivuli cha nguzo ya kipaza kimelala ndani yake, chembamba, kimenyooka kwenye vigae kuelekea mabenchi, ncha yake imeishia kwenye ule mstari mweupe unaotenganisha watu na wakubwa, haikuvuka, na fundi anaivuta nguzo juu, kriii, na ncha ya kivuli inaondoka kwenye mstari, inateleza, haina haraka wala haina haya, inavuka, inatambaa kigae baada ya kigae mpaka kwenye kandambili za mama yake, inapanda juu ya kidole gumba cha mguu wake, inatulia hapo… na fundi anaishusha tena, kivuli kinarudi kwenye mstari kama hakijafanya lolote, anainyanyua, kinakwenda, anaishusha, kinarudi, na macho ya Mnara yanakwenda na kurudi pamoja nacho, mstari, miguu ya mama, mstari, miguu ya mama, hesabu hii hakuna mwalimu aliyemfundisha, au alifundisha siku ambayo yeye alikuwa mtoni, manne na sita, mtaro na ua, ukiongeza juu unaongeza na chini, mbona rahisi hivyo, mbona hakuna aliyemwambia, si walisema bendera, bendera ni bendera, mtu hupima bendera? mtu huangalia rangi yake basi, kitambaa chekundu juu ya chuma, nani angedhani watu wazima wenye tai watakifuata kivuli cha kitambaa alasiri nzima…

Lakini alikuwepo. Alasiri ile alikuwepo, amekaa juu ya ukuta wa mtaro anatafuna kijiti, wamekuja madiwani na mchora ramani na majirani, msafara mzima unatembea ukiangalia ardhi kama waliodondosha sindano, na kivuli kikasogea, kikasogea, na mama yake amesimama uani mwake ng'ambo kama mwenye nyumba anayesubiri wageni, mikono bado ina povu, nyuma yake mashuka ya nyumba ya wageni yamejaa kamba zote, na kivuli kikaingia mtaroni, kikazama kwenye maji meusi, kikakaa, wakangoja, hakikutoka, na mchora ramani akasema mmeona mama, hakivuki, na mama yake akamtazama si mchora ramani, akamtazama yeye juu ya ukuta, "Baba, ndipo hasa hapo?" na yeye akasema, kijiti mdomoni, bila hata kukitoa, "Hapo hapo, mama, wala usihofu," na mama akacheka, jamani alivyocheka, akapiga makofi povu likaruka, "basi wajenge! familia mia, na kila familia haina mashuka? watanifungulia mlango wa riziki," na kwa sababu ya neno hilo, hapo hapo wala usihofu, leo hii katika ukumbi huu, kabla mambo ya kinyozi hayajaanza, mama yake alisimama mbele ya mtaa mzima ambao unapinga, peke yake, akasema mimi ni dobi, jua ndilo pasi yangu na ndilo mume wangu, na nimeona kwa macho yangu halitaguswa, kwa hiyo mimi sina pingamizi, waacheni wenzetu nao wapate pa kukaa, na majirani wakamgunia, mmoja akasema kwa sauti huyu kahongwa sabuni, na mama akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Bado?" mwenyekiti anauliza. "Kinakuja, mheshimiwa," fundi anasema, "ni waya tu," na kinyozi kutoka nyuma, "labda kinamwogopa Mnara!" vicheko, na Mnara naye anacheka, anasikia kicheko chake kinavyotoka, kikavu, kama mtu anayekohoa makapi, na hakiwezi kukaa kichwani mwake peke yake hicho kivuli, kinakuja na mashuka, yale mashuka ya masika alipokuwa mdogo, jua lilipopotea mfululizo mama akafunga kamba chumbani, ukuta hadi ukuta, wakawa wanaishi chini ya mashuka kama wasafiri ndani ya hema lenye maji, unaamka shavu lina unyevu, unakula shuka linakudondokea sahani, na harufu, ile harufu ya kitambaa ambacho hakikukauka bali kilichoka, na mwenye nyumba ya wageni akarudisha mzigo mzima, akautupa mlangoni, mama wee haya yananuka, wageni wangu watadhani nimewalaza kwenye chungu cha dagaa… na mama akachukua beseni akayarudia yote, yote, na mvua inamwangalia, na Mnara, ambaye alikuwa bado hajawa Mnara, alikuwa kitoto tu cha pua inayotiririka, alimwambia mama nikikua nitakununulia jua, na mama akasema haya baba, kua upesi… na amekua, huyu hapa, kakua mpaka fundi anamnyanyulia kipaza, na jua atakalomnunulia ni lile la mpaka saa nane, baada ya hapo ghorofa ya tano na ya sita, zile ambazo hazikuwa na bendera, zitalikunja na kuliweka mfukoni, kila siku, si masika tu, kila siku mpaka mama azeeke.

Basi aseme siyo. Siyo nalo ni neno moja. Aseme haikufika, akae, kwani kuna nini… kuna kinyozi, kuna hicho, kuna benchi la nyuma lenye madole gumba, kuna miaka yote ya kutembea na bega moja, kesho atapita pale kwenye kiti cha kunyolea watamwita nani, watamwita Ngazi, watamwita Bomba la Nne, kinyozi ana kipaji cha majina, likimtoka jina halirudi, tena lile linalokuchoma ndilo linaloshika, na bosi wa antena, atampa tena paa gani, na mchora ramani wa watu aliyeapa mbele ya halmashauri kuhusu kimo cha kitambaa, na zaidi ya wote mama, mama aliyesimama akasema nimeona kwa macho yangu, watamgeuzia kibao, watasema mwongo kamzaa mwongo… au aseme haikufika kwa sababu ya upepo, upepo wa hatari, upepo wa kung'oa mabati, angeng'ang'ania angekufa, hiyo ni nzuri, hiyo inaweza kusimuliwa, kulikuwa na kimbunga, waheshimiwa… lakini watoto walikuwa wanacheza mpira na mpira haukupeperuka, na nguzo yenyewe imeshashushwa siku nyingi, aliishusha yeye mwenyewe, watu wa mradi wakamwambia chukua hivyo vyuma, vya kwako, na akavipeleka uani akamchimbia mama nguzo mpya za kamba, nne, zimenyooka, mama anawaonyesha wapita njia, kaniwekea mwanangu, na mashuka yanapepea hapo kama bendera za nchi tajiri, nne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mengine mawili yako wapi, nani anahesabu mabomba, watu wakiinua kichwa wana jua machoni.

Na kama ni kusema basi isemwe vizuri, angalau hapa ndani ambako hakuna benchi la nyuma, hakukuwa na kimbunga, kulikuwa na upepo wa kawaida, wa kukaushia nguo, mama aliusifia, na juu ya bomba la nne nguzo ikapumua, ndivyo ilivyokuwa, ikavuta pumzi ikaitoa, kidogo tu, na yeye akaangalia chini, akaona kiwanja kinazunguka polepole kama santuri, na mikono ikakataa, si kwamba ilitetemeka, ingetetemeka angejua la kufanya, ilikataa, ikakumbatia lile bomba kama mtoto aliyekumbatia mguu wa mtu mlangoni mwa zahanati, shavu kwenye chuma, macho kafumba, bomba la tano linaning'inia kwenye kamba linamgonga kisigino, ngo, ngo, kama mgeni anayebisha hodi, na hakuona mtaa kama mkeka, hakuona kunguru, hakuona kitu chochote, na ile "Mama!" haikuwa ya kumwamkia mtu, ilimtoka yenyewe, sauti ya kitoto cha pua inayotiririka, na ingekuwa watoto wa mpira wameisikia vizuri angekwisha siku ileile, lakini mama aliwahi, "Abee, baba!" kisha sauti yake tena, ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye vibanio mdomoni, "shuka ule, chakula kinapoa!" na mikono ikasikia ikakubali, chakula ni chakula, mtu akiitwa kula anashuka, hilo si kushindwa, akaifunga bendera pale pale alipo, kwa muda tu, nikishakula nitarudi nimalizie, akashuka, akanawa, na akiwa anakula bosi akapiga simu, imesimama? imesimama, bosi, sawa, na njaa ikaisha na kurudi kukaisha, na yale mawili akayavuta kwenye majani mpaka…

Ngoja. Akiwa anakula nini? Fundi anapuliza waya, phuu, phuu, na Mnara amesimama mdomo wazi kama mtu aliyemwona sokoni jirani yake aliyekwisha kufa, kwa sababu ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza, jua lilikuwa bado upande wa mlango, chakula gani cha saa ile, hakikuwepo chakula, sufuria lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu, hata moto haukuwashwa, mama alimpa chai ya alfajiri iliyobaki, baridi, na kipande cha mkate, akamwambia kula, na akakaa naye, jambo ambalo hafanyi kamwe mashuka yakiwa bado kwenye beseni, alikaa naye akimwangalia akimeza, akamfuta shavuni alama ya kutu bila kuuliza imetoka wapi, na yeye alidhani… hakudhani kitu, alikuwa anatunga tayari, kunguru walikuwa wameshaanza kuingia kwenye hadithi… chakula kinapoa! alijua. Ng'ambo ya mtaro, mgongo kageuza, vibanio mdomoni, kwa neno moja lile alijua mwanawe yuko wapi na amekuwaje, na akamtafutia mlango wa kutokea ambao hauandikwi aibu juu yake, na hakusema, wala siku ile wala wiki zote alizomsikia akijifaragua kwa majirani kuhusu kuamkiana na mama kutoka mawinguni, alitikisa kichwa tu akasema mwanangu huyu, ila kitu kimoja hakujua, alidhani mtoto akishakula atarudi kumaliza, alimwamini kwa hilo, akauliza ndipo hasa hapo, akaambiwa hapo hapo, kijiti mdomoni, akaenda kusimama mbele za watu na neno la mtu anayetafuna kijiti.

Anamwangalia. Mama naye anamwangalia, kitambaa cha siku kubwa, mikono ile mapajani, vidole vimekunjamana kwa maji ya miaka, fundi ameiacha nguzo juu na kivuli cha kipaza kiko kwenye kidole chake cha mguu, na yeye hajakitambua, anadhani labda ni inzi, anasogeza mguu kidogo, kivuli kinabaki pale pale kikimsubiri, na uso wake hauna ile fahari ya "ni wangu huyo" sasa, kichwa kakiinamisha upande, anamtazama hivi anavyotazama anga asubuhi kabla ya kuloweka, na Mnara anajua, Mungu wangu, ameshaniona, nimekumbatia tena, niko hapa katikati ya ukumbi nimekumbatia hewa na yeye amekwisha kuona, na midomo yake inafunguka, atasema, anaweza kusema, ni yeye huyo, atasimama mbele ya halmashauri nzima aseme mheshimiwa mwachie kijana aketi, hajala… na safari hii akiitwa akashuka basi, ameshuka na jua lote la mama.

"Basi inatosha," mwenyekiti anasema, "fundi, acha, kijana sema hivyo hivyo kwa mdomo, karani ataandika," na kinyozi, "huyo hahitaji kipaza, mheshimiwa, huyo mwenyewe ni kipaza!" na ukumbi unacheka, wanacheka kwa upendo, hilo ndilo baya, na fundi hakusikia au hakujali, bado amepiga magoti anachokonoa, na kalamu iliyofunikwa bado imefunikwa, na jua bado limelala kwenye vigae, hakuna kilichosogea, na Mnara anainua kiganja kidogo kuelekea benchi la mbele, kama mtu anayemzuia mwenzake asiinuke, kaa mama, nimeshiba, na bega lake lile moja linapanda likakaa sawa na jingine, na anafungua mdomo, na sauti inayotoka ni ndogo, ndogo mno, watu wa nyuma wanasema nini? kasema nini? na mama yake peke yake ndiye asiyehitaji arudie, maana sauti hiyo anaifahamu.

"Mabomba yalikuwa sita," anasema. "Nilifika la nne, nikaogopa. Nikaifunga bendera hapo. Hayo manne yako uani kwa mama yangu, yameshika kamba za mashuka. Mawili yako uvunguni mwa kitanda changu."